Kesho Zamu Yangu Mlangoni

Mpendwa Baba Neema,

Wewe huko umepumzika, sisi huku ndio wa kuulizwa hali. Mwandiko wangu unaujua, unayumba kama mlevi, nivumilie. Kesho Jumapili wamenipa zamu ya kukaribisha wageni, pale pale mlangoni uliposimama wewe. Nimesikia yule Meneja wa duka la ushirika atarudi kusali kwetu.

Unaikumbuka Jumapili ile ya masika? Jangwani kumejaa maji, yule mama akaja na mwanawe mgongoni, tope mpaka magotini. Wazee wenzako wakamwonyesha ngazi za nje. "Pumzika hapo, mama, utachafua." Mara Meneja naye huyo, suti imenyooka pasi! Wakagombania kumshika mkono. Sukari ya mtaa mzima ilikuwa kwake, na sisi chai tamu tulishaisahau.

Wageni walipoambiwa wasimame wajitaje, yeye aliimbiwa wimbo mzima. Yule mama akajitaja kutoka mlangoni, hajamaliza, "Asante, kaa." Akae wapi? Ndipo ulipoinuka kwenye kiti chako cha mzee wa kanisa ukamkalisha, wewe ukasimama ibada nzima. Nami nakukonyeza weee, hata hunitazami.

Yangeishia hapo, basi. Lakini Meneja alipoinuka kwenda meza ya Bwana ulimfuata, ukamwinamia sikioni. Nilikuwa benchi la nyuma yake, nilisikia.

"Ndugu, karibu neno, karibu sala. Meza subiri. Una mke wa ndoa Upanga, una mwingine mtaa wa Gerezani. Mchukuzi wa sokoni tungemzuia, nawe nakuzuia."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ndiyo maana nimekufuata taratibu, nisikuaibishe."

Kesho yake nikapanga foleni dukani kwake. "Aa, Mama Mzee wa Kanisa! Mumeo si ndiye mwenye meza? Akupe na sukari." Foleni nzima ikacheka, na washarika wenzetu wamo. Nikacheka nami, nifanyeje? Uzee wa kanisa wenzako wakakuvua kwa ajili yake. Ulipougua, daktari akasema upate maziwa, nikaenda kumpigia magoti Meneja. Akasema, "Subiri, mama. Si ndivyo mlivyonifundisha?" Hukuimaliza wiki ile.

Leo kazi kafukuzwa, mkewe kamwacha, anaishi kwa yule wa Gerezani bila ndoa. Wale wale waliomwimbia wananiambia, "Akija, Mama Neema, mwonyeshe ngazi za nje. Haki yako hiyo."

Haki yangu! Nimeililia haki hiyo mpaka mto umeoza. Neema ananiambia, "Mama, sema unaumwa, zamu apewe mwingine." Nimekataa. Nikibaki nyumbani watamweka nje, nami nitakuwa nimemweka mimi.

Nitampa mkono. Nitamkalisha ndani, mbele, kama mgeni yeyote. Na akiinuka kwenda mezani kabla hajatengeneza mambo yake, nitamfuata, nimwambie maneno yako yale yale. Hapo ndipo ninapotetemeka, mume wangu. Wewe ulimwambia meza isubiri, na ilikuuma kumwambia. Mimi naogopa nitamwambia, na moyo wangu utafurahi.

Lala, mwenzangu. Kunakucha, acha nipige pasi kitenge.

Mkeo,
Mama Neema