Cherehani Iliyo Nyuma ya Mama

Nyalukemba, Bukavu
Tarehe 16 Septemba 2024

Yaya wangu mpendwa Charlène, dada yangu mkubwa,

Ninakusalimia wewe, shemeji Christophe na watoto wote huko Lubumbashi. Goti lako linaendeleaje? Ulisema linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa. Hapa Bukavu kila njia ni mlima, kwa hiyo ninakufikiria kila asubuhi ninaposhuka kwenda Nyawera kupakua mifuko ya unga. Mgongo wangu nao umezeeka kabla yangu. Lucie anakusalimu, na watoto wameanza masomo.

Samahani kwa kukaa kimya. Simu yangu iliungua. Nyumba yetu iliungua, yaya, tarehe 20 ya mwezi uliopita, saa sita mchana, nikiwa kazini depo. Moto ulianzia nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwenye mbabula ya makaa, na wewe unazijua nyumba hizi za mbao zilivyobanana. Lucie alimbeba mtoto mdogo, akawavuta wengine kwa nguo. Hakuna aliyekufa. Kila mtu ananiambia nimshukuru Mungu kwa hilo, nami ninamshukuru, lakini kila ninapomaliza kushukuru ninabaki nimekaa palepale.

Kilichoniuma zaidi ni cherehani ya Lucie. Mshahara wangu unaishia kwenye kodi ya nyumba. Chakula na masomo vilitoka kwenye cherehani ile.

Sasa nikueleze jambo la asiransi, yaani bima. Mwaka jana patron wetu wa depo alituandikisha wote kwenye kampuni moja ya asiransi ya vyombo vya nyumba, na kila mwezi alikata kidogo kwenye mshahara. Walinipa karatasi nijaze nilivyo navyo. Unajua shule yangu ilipoishia. Niliona mistari mingi, nikaandika mara moja tu, "vyombo vya nyumba," nikatia saini. Nilidhani nimemaliza.

Baada ya moto, kichwa cha cherehani kilibaki kwenye majivu. Kilikuwa cheusi, kimepinda, lakini mtu angeweza kusema hii ilikuwa cherehani. Jumamosi ikafika, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, na badala ya kusafisha barabara avenue nzima ilikuja kusafisha kiwanja chetu. Walikuja na majembe na karai, wakaimba, wakazoa majivu yote mpaka udongo ukaonekana. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu wakapita wakabeba mabaki. Mimi nilirudi kutoka kazini nikakuta pamefagiliwa kama uwanja wa kanisa. Niliwashika mikono mmoja mmoja, nikawashukuru.

Patron ndiye aliyetukodishia chumba tulichomo sasa. Majirani wakaleta vitu, kama tunavyofanya sote mtu akipatwa. Huyu sufuria, yule godoro, mwingine viti viwili. Maman Monique, anayeuza samaki hapa mlangoni, alileta sahani zake za sikukuu na kumwambia Lucie, "Sasa mutakula kama mabwana, mpaka muombe moto urudi." Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Ajenti wa asiransi, Bwana Lucien, akaja siku ya kumi na mbili. Ni kijana mpole, viatu safi. Aliangalia kiwanja, hakuona hata jivu. Akaingia chumbani, akaona godoro, viti, sahani. Maman Monique alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni, kuona kama wageni wetu wanakaribishwa vizuri. Bwana Lucien akauliza, "Papa, sahani hizi ni za nani?"

Yaya, wewe ungejibu nini? Mtu amekupa chombo chake, amesimama mbele yako, halafu useme si changu? Nilijibu, "Ni zetu." Akauliza godoro, nikasema letu. Viti, vyetu. Akaandika kila kitu. Nilipoona anaandika, nilifikiri anaandika vizuri.

Juma lililofuata waliniita ofisini. Karatasi ilisema vyombo vya nyumba vilisalimika. Nikaeleza kwamba vile ni vya kupewa, vyetu viliungua vyote. Bwana Lucien akaweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza. Akaniuliza, "Papa Elysée, ulidanganya siku ile ao unadanganya leo?"

Mwishowe alinionea huruma. Akasema niache sahani na viti, nishike kitu kimoja kikubwa chenye ushahidi, nilete fakitire, ile karatasi ya kununulia. Fakitire ya cherehani? Tuliinunua kwa marehemu Papa Zagabe, yule fundi mzee wa Nyawera. Tulilipa mbele ya mke wake, tukanywa soda moja moja, akaombea mashine. Fakitire yetu ilikuwa ile soda. Na mke wake alimfuata mwaka juzi. Bwana Lucien akasema basi picha, lakini iletwe kabla ya tarehe 30, siku hiyo dosye yenye karatasi zangu inafungwa.

Ndipo nikafika kwako, na ninaona haya kuandika.

Picha ya cherehani ni moja tu duniani. Ni ile ya ubatizo wa mtoto wetu Sagesse, Mama alipokuja kutoka Kamituga, miezi mitatu kabla hajatuacha. Amekaa kwenye kiti, na cherehani iko nyuma yake, Lucie ameifunika kitambaa cheupe kwa ajili ya wageni. Mpiga picha alimwomba Mama asogee kidogo, Mama akakataa, akasema ametoka mbali hivyo na hatasogea kwa ajili ya chuma. Angalia chini upande wa kushoto. Mguu wa cherehani unaonekana, na nusu ya gurudumu.

Nakala yangu iliungua. Yako ndiyo iliyobaki. Niliuliza kama wewe unaweza kuipiga picha kwa simu, wakakataa. Wanataka picha yenyewe, wanaigundisha kwenye dosye, na dosye hairudi. Wao wataangalia mguu wa chuma. Hakuna atakayemwangalia Mama.

Papa Jacques, anayekuletea barua hii, atarudi na ndege ya tarehe 27. Ukiona uchungu kumpa, usimpe. Sitauliza, na sitahesabu kosa. Lakini ukimpa, kwanza kaeni na watoto, uwaonyeshe uso wake vizuri.

Wasalimie shemeji na watoto, Micheline na Patrice. Wazazi wa Lucie huko Mudaka wanakusalimu pia. Mungu akulinde goti, nyumba na vilivyomo.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukikataa,

Elysée