Pikipiki Mpya ya Shemeji Leonidasi

Mabawe,
Ngara.
12 Machi 1979

Mpendwa kaka Bizimana,

Shikamoo. Hujambo huko Tanga, na kile kifua chako na vumbi la mkonge? Wifi Eufrazia na watoto wazima? Sisi tunapumua. Mama miguu inamvimba jioni, lakini jana alikwenda misa kwa miguu hiyo hiyo, akarudi analalamika kuwa padri anahubiri kwa haraka. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Maharage yamekubali mwaka huu. Sabuni na chumvi hazionekani dukani. Tunaambiwa kila kitu kimekwenda vitani, na malori pia.

Sasa nikupe habari za mume wa mdogo wetu Bonifasia, yule bwana shamba wa Mbuba, Leonidasi. Najua atakuandikia, maana kuandika ndiyo kazi anayoiweza. Nataka barua yangu ifike kwanza.

Mwaka jana, kabla ya vita, alipewa pikipiki ya kazi, mpya, kiti bado kimefungwa nailoni. Mume wangu Desderius alikuwa naye wilayani siku ya kuichukua. Fundi aliwaeleza kwa Kiswahili chepesi kabisa: injini mpya iendeshwe polepole mwanzoni, baada ya safari chache oili ya kwanza imwagwe yote itiwe nyingine, kwa sababu inabeba unga wa vyuma vinavyosuguana, chujio la hewa likung'utwe vumbi, cheni ikazwe. Akampa na kopo la oili. Mtu mzima mwenye cheti akaitikia ndiyo, ndiyo, huku anajitazama kwenye kioo cha pikipiki.

Unajua matunzo aliyoifanyia? Aliiogesha. Kila asubuhi, kwa sabuni, kaka, wakati wenzake wanafua kwa maji matupu. Na maji yenyewe aliyachota Bonifasia mtoni, mimba imemjaa mpaka kooni. Usiku pikipiki ilifunikwa kitenge isipate baridi. Kopo la oili likakaa kabatini kama sanamu ya mtakatifu.

Desderius alimwuliza hapa hapa kwetu, "Ile oili ulishaibadili?"

Akacheka. "Chombo kipya hakifunguliwi, ndugu yangu. Kinachofunguliwa ni kibovu."

Mwezi uliopita Bonifasia akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema apelekwe hospitali ya misheni, na upesi. Gari hakuna. Leonidasi akaitoa pikipiki yake kama anayekwenda kwenye gwaride, akampakia mkewe nyuma, akaikimbiza. Kwenye mlima injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikanoki, ikakwama kabisa. Hata nusu ya njia walikuwa hawajafika.

Watu waliokuwa shambani wakaja mbio, wakafunga machela kwa miti na blanketi, wakambeba kwa zamu. Mumewe hakuwafuata. Bonifasia alimwita, naye akajibu mbele ya wote, "Tangulieni. Hii ni mali ya serikali, siwezi kuiacha porini." Akakaa juu ya jiwe, anaipepea injini kwa kofia.

Mtoto alizaliwa amechoka, amebadilika rangi, lakini akalia. Bonifasia alipoteza damu nyingi sana, mpaka padri akaitwa. Mungu hakutaka. Sasa wote wawili wako kwangu, na mama mtu ameanza kumaliza bakuli la uji.

Juzi Leonidasi alikuja, viatu vinang'aa, anataka kumchukua mkewe. Mama akampa kiti. Akazungumza weee: wakubwa wilayani wanamlaumu, vipuri vimekosekana kwa ajili ya vita, siku hizi viwanda vinatengeneza pikipiki dhaifu. Viwanda, kaka! Mimi nilikuwa napepeta maharage, nikatamani kummwagia makapi. Mwisho akasema Bonifasia afungashe, jua linapungua.

Bonifasia akatoka ndani, mtoto mgongoni. Hakupandisha sauti.

"Leonidasi, tangu umekaa hapo umeuliza habari za mtoto?"

"Nilikuwa nafika huko," akasema.

"Ni msichana. Sasa umeshajua. Nenda."

Akaenda, kwa miguu.

Kaka, tangu Baba afariki neno lako ndilo neno la nyumba. Akikuandikia kwamba tumemzuilia mke, usimwamuru Bonifasia arudi. Hakuna aliyemzuia. Kitanda kipo, na chakula tunagawana.

Mama anakusalimu sana, Desderius pia. Msalimie wifi Eufrazia na uwabusu watoto. Mungu akukinge huko ugenini na akulinde kifua.

Neno moja bado. Binti hana jina, na hatutampeleka kubatizwa kabla ya barua yako. Bonifasia anakuomba umpe wewe, kwa kuwa baba yake ana shughuli na pikipiki.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ildefonsa