Mkwe Nyuma ya Pazia

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa mke wangu Nyamizi,

Salamu zangu zikukute unapumua vizuri, wewe na mwanetu na mama mkwe, na kama mvua imekwisha kunyesha huko Tabora basi hata shamba nalisalimu. Mimi mwili haujambo, roho ndiyo haijatulia. Natanguliza neno moja ili yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa: baba yako yu hai saa hii ninapoandika. Yuko katika chumba cha kupasulia, mlango umefungwa, nami niko barazani hapa hospitali nimeambiwa nisubiri. Nisipoandika nitakwenda tena kuchungulia tundu la ule mlango, na nimekwisha kufukuzwa pale.

Nimetumia herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, ili usome mwenyewe. Usimpe kaka yako akusomee. Humu mna mambo ambayo mkwe hayasemi, na utaona kwa nini nimeyasema.

Unajua kazi yangu ni ya wodini tu, kutandika vitanda na kumwaga mabeseni, nami natafuta kuwa dresa, nifunge vidonda na kutoa dawa. Dresa hapati kazi bila Kiingereza. Kwa hiyo kila alasiri huenda kwa karani mmoja wa Kinyasa anayekaa nyuma ya soko, anatufundisha uani kwake. Mwalimu huyu ana mambo yake. Anasema Mzungu, kabla hajakuuliza kitu kinaitwaje, atakuuliza kinakwenda wapi. Basi ametuwekea jiwe, kamba na gurudumu la mkokoteni uliokufa. Tukisukuma tunaimba "pushi", tukivuta "puli", tukinyanyua "lifti". Uzito una jina lake, nguvu ina jina lake, na kwenda peke yake kuna majina mpaka kichwa kinauma. Halafu anageukia mwili. Anajipiga goti, tunataja. Anajipiga bega, tunataja. Akifika kitovuni anaruka mpaka mapajani, kwa kuwa pale uani yupo mkewe na wapangaji wanawake. Siku zote nilimsifu kwa adabu hiyo. Leo nimemlaumu.

Baba yako akipita na gunia lake husimama nje ya ua kututazama. Juzi alicheka, akamwambia mwalimu, maana mimi haniambii neno la mzaha, unamjua alivyo: "Mwalimu, mimi nimenyanyua mizigo tangu vita ya Mjerumani, na haijapata kuniuliza naijua kwa jina gani." Wenzangu wakacheka sana. Mimi nikainamisha kichwa, kwa kuwa mkwe hajibiwi. Tangu nikuoe sijala naye sahani moja, na akivua nguo kwenda kuoga mimi hutoka nikaenda kusimama barabarani hata kama kuna jua la utosi.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi mkokoteni wa mchele ulizama mchangani upande wa Msimbazi. Vijana wakavuta, wapi. Baba yako, ambaye hakuna aliyemwita, akaingia chini yake, akaweka mgongo, akaunyanyua. Mkokoteni ukatoka. Yeye akabaki pale pale amechuchumaa, hawezi kuinuka. Wakashusha mchele wa watu wakampakia yeye, wakamleta.

Nilikuwa natoka na beseni nikamwona mlangoni. Midomo imekuwa ya majivu, jasho linamtoka, magoti ameyakunja, na mikono yote miwili ameikaza kwenye shuka yake, chini ya tumbo. Nilitaka kulia hapo hapo. Yule daktari anayejua Kiswahili amekwenda Bagamoyo na dresa mkubwa wamefuatana. Aliyebaki ni kijana, ameshuka melini majuzi, Kiswahili chake ni "jambo" na "pole pole". Akatazama huku na huku, akaniona mimi, akaniita.

"Muulize panauma wapi."

Nikamwuliza. Baba akatazama ukuta. "Tumbo."

"Tumbo upande gani, baba?"

"Tumbo ni tumbo."

Daktari akanyoosha mkono kufunua shuka. Baba akaibana kwa nguvu zote alizobaki nazo, akasema kwa Kinyamwezi, bila kunitazama, "Si mbele ya huyu."

Daktari akataka kujua amesema nini. Nikajikusanya, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha uani kwamba mimi ni mume wa binti yake. Unajua alijibu nini? Alisema vizuri sana, basi atakuamini. Nyamizi, ningekuwa na nafasi ningecheka. Mtu ametoka kwao na elimu yote ile, na hili hakuna aliyemwambia.

Nikatoka nje ili ashike kazi yake. Hata sijafika ngazini akaniita kwa ukali, maana nimemwachia mgonjwa bubu. Nikarudi, shuka ikabanwa tena. Nikiwemo, hafunuliwi. Nikitoka, hakuna maneno. Na baba akaanza kutapika, matapishi ya kijani, na daktari akatoa saa yake mfukoni, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena. Nilisimama kati ya mlango na kitanda kama mjinga. Heshima ya mkwe nimefundishwa na mama yangu kwa fimbo, na sasa nikaona waziwazi kwamba heshima hiyo hiyo inamwua baba yako mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo akaingia Kondo, mfagiaji wetu, Mzaramo wa hapa hapa. Akamwona Mnyamwezi amelala anaugua, akasahau ufagio.

"Ehee! Mnyamwezi unakufa leo? Haya, nani anarithi kaniki? Maana nyumba huna!"

Wodi nzima ikageuka. Daktari akadhani ni wazimu. Lakini baba yako, katika maumivu yale, akafungua macho. "Nyamaza, mvivu wewe. Mzaramo haamki mpaka nazi imwangukie."

Hayo ndiyo maneno marefu ya kwanza aliyoyasema tangu aletwe. Nami nikapata akili. Mtani hana haya na mtani wake. Anaweza kumvika sanda akiwa hai, anaweza kumlalia matanga akicheka, na hakuna wa kumshitaki. Nikalivuta lile pazia jeupe la kuzungushia kitanda, nikasimama nyuma yake, nikawapa mgongo. Nikasema, "Kondo, wewe ni mtani wake. Fungua shuka, na kila nitakachokuambia mwulize. Fanya haraka, ndugu yangu, anatutoka."

Kondo akafungua. Halafu akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "Mnyamwezi, kumbe miaka yote hii ulikuwa na mzigo mwingine ndani ya nguo."

Baba akataka kucheka, kicheko kikakatika, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake. Nikalishika pazia, sikugeuka.

Ni ngiri, Nyamizi. Aliipata vitani akibeba mizigo ya jeshi, akaifunga kwa kitambaa, akaendelea kubeba, na hakumwambia mtu, hata mama yako nadhani. Tukaanza. Swali linatoka kwa daktari, linanifikia mimi nyuma ya pazia, namrushia Kondo, Kondo analitia chumvi yake na kumpa baba, na jibu linarudi njia ile ile. Ilikuwa ikishuka na kurudi? Ilikuwa ikirudi, nikilala, au nikiisukuma kwa kidole. Leo? Leo imeshuka nilipounyanyua mkokoteni, haitaki kurudi. Ngumu au laini? Jiwe. Akohoe. Hawezi. Kushuka, kurudi, kusukuma, kunyanyua, maneno yote ya pale uani yalikuwa mdomoni mwangu kabla sijayatafuta. Kiungo chenyewe sikujua jina lake, lakini daktari alikuwa amekiona.

Kisha akaja upande wangu wa pazia, akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtoto. Kipande cha utumbo kimetokea kwenye tundu, tundu limekibana, damu haipiti. Kisipofunguliwa kwa kisu kabla ya jioni kitaoza ndani, na mtu ataondoka nacho. Lakini hampasui mtu aliyekataa. Mwulize.

Nikamwambia Kondo, Kondo akamwambia baba, na safari hii hakutia chumvi. Halafu nikasikia mnong'ono. Kondo akakohoa.

"Anauliza, akikatwa, atabaki mwanamume?"

Swali lile la mkwe wangu nimelitamka mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya Mzungu. Daktari hakucheka, Mungu ambariki kwa hilo. Akasema atabaki kama alivyo, ila asinyanyue tena gunia maisha yake yote. Nikayatoa yote mawili, na sikujua lipi litamchoma zaidi.

"Mwambieni akate," akasema baba. Alisema mwambieni, Nyamizi. Alijua kwamba nipo.

Mlango umefunguliwa. Naiweka kalamu.

Leo ni siku ya pili, naendelea. Alitoka akiwa anapumua. Daktari anasema utumbo ulikuwa umekuwa mweusi, wakauwekea kitambaa cha maji moto, ukarudisha rangi, wakauingiza mahali pake wakashona. Nikasujudu pale pale barazani. Nilifikiri tumekwisha vuka, lakini bado, na hili lililobaki ni gumu kuliko kisu.

Tumbo lake limevimba na limenyamaza. Daktari analitegea mpira wake wa kusikilizia, anatikisa kichwa. Utumbo uliobanwa husimama, na mpaka uanze kwenda tena mtu hajapona. Na dalili kwamba umeanza kwenda ni moja tu, nayo ni upepo. Umenielewa. Baba yako atoe upepo, ataishi. Asipoutoa mpaka jua litue, watamfungua tena, na daktari mwenyewe ananiambia hana tumaini na mara ya pili. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye mwenye lugha, ameniamuru mimi nikae kitini kando ya kitanda nisikilize.

Nikatuma habari kwa njia yetu. Kondo akamweleza. Baba yako akafumba macho, akasema, "Mkwe akiwa hapo? Afadhali nife na heshima yangu."

Wala usimwone mkaidi. Unamkumbuka yule jirani yenu aliyehama mji kwa jambo kama hili lililomponyoka ukweni. Sisi tulicheka, lakini hakurudi. Nikaondoka kwenye kile kiti, daktari akanigombeza, nikakubali kugombezwa. Nimekaa nje, chini ya dirisha lake. Kondo alikuwa akikaa naye ndani, akimtukana ili amlegeze, lakini baba hajibu tena hata matusi, na hilo ndilo linalonitia hofu. Sasa Kondo ameitwa kufagia upande wa pili. Namsikia baba anahema pumzi fupi fupi. Kila nikitazama ukuta, kivuli kimesogea.

Rafiki yangu wa reli anaondoka na gari moshi la leo, naye ndiye atakayekuletea barua hii, kwa hiyo niseme salamu nisije nikazisahau. Mama mkwe umpe salamu yangu ya mwangaluka kwa magoti, na usimwambie lolote mpaka umesoma mstari wa mwisho. Kaka yako mkubwa mwambie aezeke ile nyumba ya baba, kwa kuwa magunia yamekwisha kwa njia yoyote ile. Shangazi yako mfinyanzi mwambie chungu alichonipa bado kizima. Mdogo wangu wa kike mwambie asome. Mwanetu mshike masikio yote mawili umwambie baba yake anamtaja.

Rafiki yangu amefika, amesimama na mzigo wake, ananihimiza. Nimemwomba angoje kidogo tu. Anasema gari moshi halimngoji mtu. Nimemwambia nenda basi, nitakufuata mbio mpaka stesheni, na ameondoka amekasirika.

Nyamizi, naandika upesi. Nilikuwa chini ya dirisha. Ndani hapakuwa na mtu ila yeye. Kwanza kitanda kililia, kama mtu anayejigeuza. Halafu likaja, si dogo, Nyamizi, wala si moja. Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yananitoka.

Kisha sauti yake, nyembamba.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Uko wapi?"

"Niko mbali, baba. Huku ngazini."

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu, baba."

"Mungu akuweke," akasema. Nami nikatoka mbio kwa daktari, nikapiga kelele kwa Kiingereza katikati ya wodi, inakwenda, bwana, inakwenda, akaja na mpira wake, akasikiliza, akanishika mkono.

Baba yako anarudi nyumbani. Ukimwona usimwulize neno, naye akikuuliza, mwambie mumeo aliandika kwamba hakusikia kitu.

Nimesikia, mke wangu. Nimesikia vizuri sana.

Ni mimi mumeo,
Hamisi