Chupa ya Chai ya Mama

Malindi, Lushoto
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Alen,

Shikamoo yako sijaisikia tangu Krismasi, lakini naitikia mwenyewe: marahaba. U hali gani huko Mwanza? Kifua je, na kazi ya baa hapo hotelini? Nakuuliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwamba nina hamu ya jibu. Sisi huku baridi ni ile ile, karoti zimekubali, na mwili wangu ni mzima. Moyo usiuulize.

Nimesikia ulivyoongea na mama kwenye simu Jumapili. Ati, "Mama, ungeonja kwanza." Ati, "Maji yakimwagika hayazoleki." Loh! Aliyemwaga ndiye anayetufundisha methali!

Basi ngoja nikukumbushe, maana nyie wajanja wa mjini mnasahau haraka. Krismasi ulikuja na brandi begini. Ukaenda nyuma ya jiko, ukachuma mnanaa wa mama, ule aliopewa mche wake kule Kifungilo, ukautwanga na sukari kwenye kinu cha kitunguu saumu. Ukauloweka kwenye hiyo brandi, ukachuja nusu nusu, ukatia barafu uliyoagiza mjini, ukatikisa kwenye kopo la asali huku unajisifu kwamba wageni wa hotelini wanakufa kwa kinywaji hicho. Nikakuambia mama hataki pombe humu ndani. Ukanijibu, "Ni mnanaa tu huu, dada, acha ulokole."

Kilichobaki ukakitia kwenye chupa ya chai ya mama, kisipoteze ubaridi. Chupa ya chai, Alen! Kesho yake ukapanda basi la alfajiri, ukaiacha mezani bila kusema neno.

Umekulia nyumba hii. Unajua mgeni akiingia kwetu haulizwi kama atakunywa, anamiminiwa. Na aliyeingia asubuhi ile ni baba mdogo Nikodemo, aliyeiacha boha, hiyo pombe ya miwa iliyokuwa inammaliza, mbele ya usharika mzima, mama mdogo Evelina akilia kwa furaha kwenye benchi la mbele. Mama alikuwa na mafua, pua imeziba. Akaona rangi ni ya chai, akaona majani ya mnanaa yanaelea, akadhani ni chai iliyolala. Akaipasha moto. Akampa kwa mikono miwili.

Baba mdogo alijua tangu funda la kwanza. Alimaliza, akasogeza kikombe, akasema, "Shemeji, niongeze." Mama akamwongeza, amefurahi chai yake imependwa. Mimi nilirudi kutoka shambani, nikanusa kikombe: brandi yako.

Tangu hapo baba mdogo anashinda kwenye boha. Viazi vyake vimemezwa na magugu. Mama mdogo amefungasha, amerudi kwao Mlalo.

Na mama hashiriki tena Meza ya Bwana. Anasema mkono uliompa shemeji yake kikombe kile hauwezi kupokea kingine. Mnanaa ameung'oa wote kwa jembe. Nimemwambia kosa si lake, hanisikii. Atakusikia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia ni lake!

Kwa hiyo usitume kitenge, usitume salamu za simu. Njoo. Usimame jikoni mbele ya mama na baba mdogo, useme kwa kinywa chako: chupa niliijaza mimi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu utaukamua wewe. Pasaka ikipita hujafika, usiniite dada tena.

Mama anakusalimu. Bado anakuombea, sijui anapata wapi nguvu. Wanangu Shukrani na Hezekia nao wanakusalimu, hawajui lolote.

Baba mdogo Nikodemo ndiye anayekusalimu kuliko wote. Jana alipita hapa, akaketi kiti kile kile, akauliza utarudi lini umtengenezee tena ile chai yako. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Mungu akufikishe salama, maana ukishafika utakutana na mimi.

Wako nikupendaye kwa kujilazimisha,
Dada Sesilia