Makosa Niliyoyaziba Mdomo

Chumba cha kompyuta,
Juu ya karakana ya mbao,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo na wanao huko? Kile kifua kimepoa? Mimi mzima, ila nimeng'olewa meno mawili na jicho moja halifunguki. Aliyenipiga ni mumeo, tena nilistahili.

Najua amekuambia kwamba msumeno ulimkata vidole vitatu kwa uzembe wake. Si kweli, dada. Ni mimi.

Msumeno wetu unaendeshwa kwa ukurasa wa kompyuta niliouandika mwenyewe kwa Javaskripti, lugha ya kuandikia programu. Kosa lolote la programu lisilodakwa lilitokeza kwenye kivinjari, kile kinachofungua ukurasa, kama kisanduku chekundu katikati ya skrini. Mteja akipita, bosi anafoka: "Toa huo uchafu!" Badala ya kuyatafuta makosa, nikaandika mstari mmoja wa kuyadaka yote na kuyameza. Skrini ikatulia, bosi akanipa mkono. Nikavimba kichwa, pumbavu mimi!

Siku ile ubao ulinasa mkono wa shati la shemeji ukamvuta. Akabonyeza Simamisha kwa mkono wa kushoto. Kitufe kikageuka kijani, kikaandika "Imesimama". Kumbe amri yenyewe ilikuwa imegonga kosa njiani, na mstari wangu ukalimeza. Msumeno ukaendelea kukata. Damu iliruka hadi kwenye taa, dada, na mpiga randa akavitafuta vidole kwenye vumbi la mbao akilia kwa sauti.

Bosi akaandika barua ya kumfukuza shemeji. Nami wiki nzima kimya, naogopa kibarua changu kuota nyasi.

Ijumaa uzalendo ukanishinda. Nikaufuta ule mstari, nikawaita wote, nikauwasha msumeno na kubonyeza Simamisha. Kisanduku chekundu kikachomoza: amri haijafika. Msumeno unanguruma tu. Nikawaambia nani aliyekificha.

Shemeji alinipiga kwa ule ule mkono wenye bandeji mpaka ikalowa damu. Hakuna aliyemshika. Bosi akaichana barua yake, akaandika yangu. Nakuandikia huku nafungasha.

Wabusu wanao. Waambie baba yao atawaandikia, anajifunza kwa kushoto. Msalimie na shangazi. Mungu awakinge na kila chenye makali.

Nitukane, dada, hata matusi ya nguoni. Usininyamazie tu.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye bado,
Kitindamimba