Mbuzi Uliyemchinja Mwenyewe

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, lakini ulinilea hivyo, na hasira haijaniondolea adabu. Nakuandikia kwa sababu mwanangu ana siku tano, na Jumamosi anapewa jina. Baba mkwe anataka aitwe Ntandu, jina lako. Wote walikubali, wakabaki kunisubiri mimi tu, na hadi jana nilishindwa kujibu kwa sababu ya mbuzi.

Unamkumbuka huyo mbuzi. Ila niwataje kwanza wale wa zamani, wa kila Krismasi pale Issuna. Sisi wa kanisani, Baba mdogo Saidi wa msikitini, na kati ya nyumba zenu shamba la alizeti tu. Hukuwahi kugusa kisu. Hata jogoo wa mgeni wa ghafla ulimpeleka kwa mdogo wako achinje. Siku moja Baba mdogo alichelewa mnadani, sisi watoto tukalia njaa, hadi Mama akakuambia uchinje mwenyewe, ni kuku tu huyo. Ukakataa. Ulisema, "Nyama ya nyumba hii inaliwa na kila mtu." Nilikuwa na miaka minane, na nilijivuna shule nzima kwamba baba yangu ni mtu wa watu.

Kwa hiyo nilipokuletea habari za Hamisi, Mnyiramba wa Nduguti, Mwislamu, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mama ndiye aliyehangaika, nami nikamcheka. Wewe uliuliza kama kwao wanafuga, ukasema waje. Ungekataa ningelia, halafu ningezoea. Lakini ulisema waje.

Wakaja kuleta posa, watu saba, na shangazi yao mmoja mgonjwa wa miguu, wametoka nyumbani na chai tupu tumboni. Baba mdogo alikuwa amefika tangu asubuhi na kisu chake kwenye kitambaa, akakuta nyama iko jikoni inachemka. Alidhani umemwita Mwislamu mwingine. Hukumwambia kitu. Sahani zilipokuwa zimejaa ndipo ukasema, "Karibuni. Huyu mbuzi nimemchinja mwenyewe."

Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba mkwe alishukuru, akasogeza bakuli la mlenda, akasema mlenda wa Unyaturu amesikia sifa zake siku nyingi. Wakala ugali na mlenda, wote, na Baba mdogo naye. Mimi nilisimama na jagi la maji ya kunawa nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walipoondoka, Mama alikuuliza kwa nini. Nilikuwa nje ya mlango.

"Kula nao ni jambo moja," ulijibu. "Kuwapa mtoto ni jambo lingine."

Nao akina nani, Baba? Mdogo wako alikuwa uani, na alisikia kama nilivyosikia mimi. Kumbe ukarimu wako wote ule ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe nilikuwa mimi. Ulinifundisha kuwaona hawa ni watu wetu, kisha ukawaaibisha siku yangu. Ng'ombe wa mahari lakini uliwapokea.

Hukunieleza, nami sikukuuliza. Kila nilipokuja tuliongea mvua na mtama. Mwaka jana ukafariki, na aliyeshika jembe kuchimba kaburi lako tangu asubuhi, kwa umri wake ule, ni Baba mdogo Saidi.

Hamisi ananiambia marehemu hasemwi vibaya. Baba mkwe anasema yeye ile siku alishaisahau. Labda kweli, ana moyo mkubwa kuliko wangu.

Jana nimewajibu. Nimesema hapana. Ntandu ni jina zuri, na tangu mimba ilipoingia nilikuwa nafanya mazoezi ya kuliita. Lakini mtoto ataitwa Saidi.

Nilimpigia simu Baba mdogo kumwambia. Akaniomba nibadilishe, nimpe mtoto jina lako.

"Kaka yangu atasikitika," alisema.

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba mdogo. Asikitike."

Lala salama, Baba. Nakupenda bado, na ndiyo tabu yenyewe.

Binti yako wa kwanza,
Mama Saidi