Matanga ya Pili ya Mama Ernestine Katungu

Mama Ernestine, mwaka umezunguka tangu ulipokwenda Butembo kumwangalia mama yako, ukaugua ghafla, ukafia huko. Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Hatukuweza kukufuata wala kukurudisha Goma. Ulizikwa mbali na macho yetu, na hilo bado linatuuma.

Mtaa wetu wote wa Ndosho ulikujua kama mwalimu wa watoto wasiosikia. Katika shule yenu ya serikali ulikataa wafungiwe chumba chao peke yao. Uliwachanganya na wenzao wanaosikia, ukawafundisha wote lugha ya alama. Ukitaka wakutazame ulipiga mguu chini, na sakafu ya mbao ikawafikishia habari. Mkuu wa shule akipita alisifu utulivu wa darasa lako. Maskini, hakujua kwamba nusu ya darasa ilikuwa inasengenya kwa mikono, na mara nyingine ilimsengenya yeye.

Ulipenda sombe, majani ya muhogo, yenye chumvi kidogo, ulichukia kuchelewa misa, na ulikuwa unacheka kabla hujamaliza kusimulia kichekesho chako mwenyewe.

Lakini nyumbani ulitudekeza. Kitinda mimba wetu Bénie hasikii tangu kuzaliwa, na kati yake na sisi ulisimama wewe. Papa Hilaire, mume wako, akisema mezani, "Ernestine, umuulize kama ameshiba," ulimuuliza, ukaleta jibu. Ukimwambia ajifunze mwenyewe, alicheka: "Wewe si uko? Mimi nitajifunza ya nini?" Na sisi wengine tulikuwa hivyo hivyo. Kweli mganga hajigangi. Ulifundisha watoto wa watu, nyumba yako ikabaki mbumbumbu.

Siku za matanga Bénie aliona watu wanalia, lakini hakuona sanduku wala kaburi, na hakuna aliyejua kumwambia. Tulimwonyesha picha yako. Akaibusu, akairudisha mahali pake. Kisha barabara ilipofunguliwa, akaanza kumvuta baba yake kila Jumamosi mpaka kwenye parking ya magari ya Butembo, akimkagua kila mama anayeshuka. Papa Hilaire alikwenda naye na kurudi naye, na moyo wake ulikuwa umepasuka.

Hayo ndiyo yaliyompeleka shuleni kwako. Alimkuta Mwalimu Domitille, mwenzako wa upande wa Bukavu, aliyeshika darasa lako.

"Madame, unifundishe tu namna ya kumuambia mutoto kama mama yake alikufa."

"Papa Hilaire, hiyo peke yake haitatosha. Atakuuliza maulizo, utamujibu nini? Ikala kwanza na batoto."

Akakaa. Muuza maharagwe, na tumbo lake lile unalolijua, kwenye benchi la mwaka wa tatu! Watoto walimcheka mpaka machozi. Vidole vyake vinene vilikosea kila kitu. Siku moja alitaka kuomba maji, akaomba mbuzi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mikono ikaanza kulegea.

Alimwambia Bénie uani, wakichambua maharagwe. Hatukuelewa yote, ila tulimwona mtoto anauliza, na baba yake alitueleza baadaye. Uliumwa wapi? Nani alikuwa nawe? Ulimtaja? Papa Hilaire alijibu kila swali polepole, bila kutafuta msaada wa mtu. Ndipo Bénie akalia kwa sauti, kilio ambacho sisi sote tulikuwa tumeshakilia bila yeye.

"Sisi tulimaliza kulia, yeye ndio anaanza," alisema Samy, mwanao mkubwa. "Hatutamuacha alie peke yake."

Tukarudisha matanga. Tulitoa viti nje, tukawasha moto, majirani wakarudi kukaa nasi, na hakuna aliyeuliza matanga gani haya ya mtu aliyezikwa zamani. Watoto wa darasa lako walikuja na Domitille. Hapakuimbwa wimbo. Kila mmoja alisimama mbele ya Bénie akamweleza kwa mikono jambo ulilomfanyia, na Papa Hilaire akatutafsiria sisi wenye masikio.

Tunaokukumbuka ni mume wako Hilaire Kambere, wanao Samy na Bénie, mama yako mzazi huko Butembo, Mwalimu Domitille na wanafunzi wako wote. Hatutakusahau hata siku moja, Mama. Sasa hata Bénie anakulilia pamoja nasi.